Chai Iliyoachwa Bila Kuchumwa

"Wacha kwanza nivune viazi, daktari, halafu nitakuja mnikate." Ndivyo alivyosema mzee mmoja wa Olenguruone kwenye kaunta ya hospitali moja hapa Nakuru, akirudisha fomu ya upasuaji bila sahihi. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni.

Daktari hakuinua sauti. "Mzee, ngozi ya ndani ya utumbo hujifanya upya kila siku chache. Seli za chini huambiwa na majirani zao zigawanyike. Zikifika juu zinaambiwa imetosha, zinakufa, zinatoka. Lakini hizi zako za kansa, hata majirani wakinyamaza, zinajiambia zenyewe ziendelee."

Mzee akagongagonga kaunta kwa kidole. "Viazi ni wiki tatu tu."

Mkewe, aliyesimama kando yake, akamgeukia. "Ile chai ya huko chini tuliwacha bila kuchuma, ikakuwa nini?"

"Miti."

"Na uliikata na nini?"

Mzee akaangalia viganja vyake. "Shoka," akasema, kisha akaomba kalamu.

Karani wa kaunta akanitazama. "Na wewe, mzee?"

Nilikuwa nimekuja kuahirisha kipimo changu cha utumbo kwa mara ya tatu. Damu chooni nimekuwa nikiiona tangu Krismasi, lakini mkulima hakosi viazi vya kusingizia na mwandishi kama mimi hakosi makala.

"Nipatie tarehe ya karibu kabisa," nikasema. Mfukoni nikaikunja barua ya udhuru, niliyokuwa nimeiandika vizuri kuliko safu hii.