Uyoga wa Apolonia Una Gome

Apolonia alikuwa na mdomo, hilo tuliseme mapema. Lakini uyoga aliujua. Tangu afiwe na mumewe, kila mvua zilipokolea aliingia msitu wa mashariki, juu kule kwenye ukungu, akarudi na kikapu cha uyoga wa magogo na kuuza kando ya njia ya kanisani. Kila uyoga aliuuza na kipande cha gome kikiwa kimeng'ang'ania shinani. Watu wakinung'unika, "Mama, unatuuzia kuni?" yeye huwajibu, "Basi kapike mawe!"

Mwaka wa hamsini na nne, nyumba nzima ya Kalinga ilitapika siku mbili. Mkewe, Benedicta, akasema wamekula uyoga wa Apolonia. Jumapili, misa ilipokwisha, Jumbe Liberatus akapiga mbiu mbele ya watu wote: Apolonia asiuze tena uyoga, wala asikanyage msituni. Loo! Mjane, watoto wanne, shamba lenyewe kiraka cha mawe. Kabla hata jua halijazama, akina mama walikuwa wanavuta watoto wao wakimwona anapita.

Majirani wakamshauri apeleke kuku, aombe radhi, yaishe.

"Kuku wa kosa gani?" akafoka. "Nikiomba radhi, nimekubali kwamba nalisha watu sumu. Sipeleki hata unyoya!"

Jumatatu akaenda barazani kwa Jumbe bila kuitwa, akadai uyoga uliobaki nyumbani kwa Kalinga uletwe. Ukaletwa, umenyauka lakini umbo lake bado lipo. Apolonia akaumwaga kwenye ungo, akaanza kuugawa mafungu mawili.

"Huu ni wangu. Tazameni mikunjo hii chini ya kofia, inateremka na shina mpaka kwenye gome. Na huu je? Mikunjo imekoma kabla ya kufika shinani. Mguu wake umevimba kama kitunguu, na una udongo. Jumbe, tangu lini gogo likawa na udongo mwekundu wa shambani?"

"Wa kwenye magogo wote ni salama?" Jumbe akauliza.

"Thubutu! Uko wa kwenye magogo ninaoupita mbali. Ndiyo maana naacha gome: nijue mti, nijue mkono uliochuma." Akamgeukia Benedicta. "Mwenzangu, huu wenye udongo umetoka wapi?"

Benedicta akatazama chini. Mawifi zake walikuja ghafla, akasema kwa sauti ndogo, na uyoga wa kununua haukutosha. Akaongeza uliokuwa umeota pembeni mwa shamba lao, akauchanganya wote, na mwingine ukabaki bila kupikwa. Aliona umefanana tu.

Baraza likaguna. Kalinga akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Jumbe akakohoa, akasema, "Haya, mama, yameisha. Nenda nyumbani."

Apolonia hakunyanyuka. Machozi yalikuwa karibu, lakini hakutaka kumpa mtu yeyote faida ya kuyaona.

"Hayajaisha, Jumbe. Kunifungia ulinifungia kwa mbiu, mbele ya kanisa. Kunifungulia unataka kwa kunong'ona? Jumapili utapiga mbiu vilevile, sauti ileile. La sivyo nitakaa hapa mlangoni pako na ungo huu, na kila apitaye nitamwonyesha."

Wazee walimkemea, ajiheshimu. Alikaa. Alikaa na Jumanne, alikaa na Jumatano, na ungo wake magotini. Alhamisi Jumbe alituma mtu kumwambia sawa.

Jumapili mbiu ikapigwa. Apolonia alikuwa pale na kikapu kipya, na mteja wa kwanza, usicheke, alikuwa Benedicta, ameinamisha kichwa.

"Dada, nipimie wa kutosha watu sita," akasema. "Lakini, samahani, nitolee haya magome. Yanachafua sufuria."

"Gome ndilo linalosema ni wangu," Apolonia akajibu. "Usipolitaka, shamba lenu unalijua."

Benedicta akatandaza kanga, akapokea uyoga na magome yake yote.