Mwambie Baba Yako, Ova

Wanawake walikuwa ndiyo kwanza wameanza kuonekana kwenye usukani Riyadh, na mama naye ameshapata leseni, baba alipohamishiwa kazi Jeddah. Mizigo ikajaza pikapu ya kukodi, ya kuendeshwa na baba. Gari letu dogo akabaki nalo mama. Baba alimkabidhi ufunguo kama mtu anayemkabidhi mbuzi gunia la mchicha.

"Karibu kilomita elfu moja. Utaweza, mama watoto?"

"Leseni nimepewa, sikuichora."

Baba akaenda Sulimaniyah, mtaa wa maduka ya elektroniki, akarudi na redio koli mbili ndogo. Muuzaji alimwambia hazitaki kibali: washa, bonyeza, sema. "Ukichoka niite," alisema. "Tutatafuta dereva njiani." Mama akaichukua yake. Alijua akiita mara moja tu, maisha yake yote ataendesha hadi dukani tu kununua vitunguu.

Nilipanda na mama, na kwa kuwa mikono yake yote ilikuwa kwenye usukani, redio nikashika mimi. Wenyewe walijitakia.

"Mwambie mama yako apunguze," baba akasema redioni kutoka pikapu iliyotangulia.

"Mwambie baba yako nikipunguza zaidi ngamia watatupita."

Nikabonyeza. "Baba, mama anasema unaendesha kama bibi harusi, ova."

"Wewe mtoto!"

Wazazi wangu hata wakinuniana mezani huongea kupitia kwangu. Kazi niliijua.

Mpaka mchana baba hakukaukiwa na amri: kioo, lori, shika kulia. Tukala wali na nyama kituoni, tukaendelea. Kisha amri zikaanza kuchelewa. "Shika... kulia." Barabara ilikuwa tupu. Nikacheka. Mama hakucheka. Pikapu ilikuwa inauendea mstari wa pembeni.

"Anasinzia. Niwekee redio mdomoni." Nikabonyeza. "Baba watoto! Nijibu!"

Mama akapiga honi ndefu.

"...Nipo."

"Fungua dirisha. Nitajie waliokula pilau ya harusi yetu bila kualikwa."

"Mjomba wako."

"Na nani?"

"Shangazi zako wote. Mmoja alibeba na sufuria."

"Alirudisha?"

"Sufuria gani irudi!" Sasa sauti ilikuwa na hasira, na pikapu imenyooka.

Mama alimchokoza hivyo mpaka kituo cha mafuta kikaonekana. "Washa indiketa. Ingia. Simama." Baba, ambaye hata daktari humbishia, akaingia, akasimama.

Alilala kwa saa mbili kivulini, mdomo wazi. Nilimpiga picha; ningekuwa mjinga nisingempiga. Mama akakagua matairi, akanywa chai, na baba alipoamka akamwambia, "Natangulia mimi. Weka nafasi kati yetu."

"Sawa," akasema baba. Sawa tu! Nilimtazama mama nikajisikia mrefu, kana kwamba niliyeendesha ni mimi.

Karibu na Jeddah askari wa kizuizi cha barabarani akachukua leseni ya mama, akaisoma pande zote mbili. Akaonyesha pikapu nyuma yetu: na yule ni nani?

Mama akamjibu kwa Kiarabu chake cha sokoni, bila haraka: "Yule ni wangu. Ananifuata."