Majani ya Uwanjani kwa Kaswera

Vita vilipofika mtaa wa Katoyi, adui wa kwanza wa mama Kaswera alikuwa majani. Yaliota kati ya mawe ya volkano uwanjani kwake, sugu ajabu: ukiyamwagia maji moto, yanakuomba na sukari! Lakini wenye bunduki wakiona uwanja umeota majani, walisema wenye nyumba wamekimbia, wakavunja mlango na kuhamia. Naye Kaswera angekimbia vipi? Mume wake, muzee Kambere, miguu haikumbeba tena.

Basi kila asubuhi aliyang'oa kwa kisu, akafagia, akamwaga maji ya chumvi yanayochemka kwenye nyufa ili mizizi ife.

Ikafika siku makala, yale makaa ya kupikia, yakabaki ya kuchemsha sufuria moja tu.

"Mama, leo tunapikia tumbo ao tunapikia majani?" Kambere aliuliza kutoka kitandani.

"Tumbo litangoja, muzee. Nyumba haingoji."

Alipomwaga, mvuke ukapanda juu ya ukuta. Wenye bunduki wawili wakauona, wakaingia mbio wakidhani kuna chakula. Mmoja akachungulia sufuria.

"Mama, unapikia majani?"

"Ndiyo, mwanangu. Nayo yana njaa kama wewe."

Walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Nyumba wakaiacha, kwa kuwa ina watu. Sufuria wakaondoka nayo.

Jioni mvua ikanyesha. Asubuhi nyufa zilikuwa kijani, na Kaswera akapiga magoti juu ya mawe, akichimbua mizizi kwa kisu na kucha, jicho likiwa mlangoni.