Siku Niliyofaulu Kwenda Darasa la Nne

Harufu ya sweta la sufu lililolowa mvua hunichefua hadi leo. Wanangu wakirudi kutoka shule wamelowa, huwaambia wavue huko huko barazani, nao hudhani mama yao anaogopa matope. Matope yananihusu nini mimi? Ninachokikimbia ni mwaka ule wa Gisenyi, Rwanda, mwishoni mwa miaka ya tisini, shule yetu ilipogawanywa.

Ngojeni niwaeleze. Mimi na mdogo wangu Mariamu tulikuwa tunasoma pale juu, karibu na mtaa wetu wa Waislamu. Watoto walikuwa wamerudi nchini kutoka kila upande, Kongo, Tanzania, Uganda, wengi bila hata kikaratasi cha kuonyesha waliishia darasa gani. Darasa la pili lilikuwa na kijana mwenye sharubu, wallahi, nasi wadogo tulimwamkia kwa adabu tukidhani ni mwalimu. Basi wakubwa wa elimu wakaamua kupanga upya. La kwanza hadi la tatu wabaki juu, la nne hadi la sita wahamie shule nyingine kule chini, njia ya Rubona. Na kila mtoto afanye jaribio ili darasa lake lijulikane.

Nilikuwa na miaka kumi, nimemaliza la tatu, na nilikuwa na kichwa chepesi. Nililijua hilo, na nilihakikisha mtaa mzima unalijua.

Mama alikuwa mjane. Kila asubuhi alivuka mpaka wa Petite Barrière na karai la nyanya kichwani, kwenda kuuza Goma, upande wa Kongo. Siku moja kabla ya jaribio aliniita jikoni. Alikuwa anachambua maharagwe, akasema bila kuniangalia, "We, kesho usijibu yote. Jibu nusu, inatosha."

Nilidhani ananitania. "Nirudie la tatu, Mama?"

"Urudie. Mubaki shule moja na mudogo wako. Inchi haijatulia, na mi niko mutu mumoja. Njia mbili zilimushinda fisi."

Jamani, nililia! Kurudia darasa kwetu ilikuwa aibu ya kuimbiwa barabarani. Mama hakubishana nami. Aliendelea kutupa mawe ya maharagwe mlangoni, moja moja.

Kesho yake nilijibu yote. Nilijibu hata lile swali la kugawanya ambalo wavulana wakubwa waliliacha.

Matokeo hayakubandikwa ukutani. Yalisomwa kwa sauti uwanjani mbele ya wazazi, kuanzia wa kwanza, na wa kwanza nilikuwa mimi. Wazazi walipiga makofi. Mama naye akapiga, mara mbili hivi, kisha akakikaza kitenge chake kiunoni na kuangalia chini kule inakoshuka njia ya Rubona. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Haikupita muda mrefu. Ilikuwa asubuhi ya mvua, nimefika darasani nimelowa, na ilipogonga saa nne risasi zikaanza upande wa milimani, zikatatarika kama mahindi kwenye kikaango. Walimu walitufungia ndani. Wazazi wakaanza kuja, mmoja mmoja, wakiita majina dirishani, na kila jina lililoitwa mtoto wake alitoka mbio hata daftari akalisahau. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Tukabaki watatu, kisha mimi peke yangu na mwalimu, na lile sweta likinuka kifuani kwangu.

Mama alifika jua likizama. Mariamu alikuwa mgongoni mwake, mtoto mzima wa miaka saba, amebebwa kama kichanga. Alimweleza mwalimu kwamba alipofika kule juu askari walifunga barabara, hakuruhusiwa kushuka. Mimi sikusikia habari ya askari. Nilisikia kwamba alikwenda kule kwanza.

"Ulimfuata yeye," nilimwambia.

"Twende nyumbani," akasema, na akanipa mkono. Sikuushika.

Niwaambie ukweli, sikuushika miaka mingi. Nilimheshimu, nilimhudumia, nilipoolewa nilimtumia kila nilichoweza. Lakini moyoni nilikuwa mtoto aliyefuatwa wa pili. Akinitengea kipande kikubwa cha nyama nilikila nikijisemea, analipa. Mungu anisamehe.

Alipofariki, katika siku za matanga, Mama Sifa, jirani aliyekuwa akivuka naye mpaka, alikaa karibu nami mkekani. Aliniuliza kama Mama aliwahi kunisimulia ile siku ya risasi, walipokimbia pamoja kutoka Petite Barrière. Nikasema hapana.

"Tulifika pale njia panda, akasimama," alisema. "Anashuka hatua tano kwako, anarudi. Anapanda hatua tano kwa Mariamu, anarudi. Karai iko kichwani, nyanya zinaanguka, batu wanamusukuma. Ni mi nilimushika mukono nikamuvuta juu. Nilimuambia, twende kwa mudogo, ule mukubwa iko na akili, atangoja. Bila ivyo angekuwa anasimama pale mpaka leo."

Nilimuuliza kama alikuwa akisema neno lolote.

"Majina yenu tu. Yako, ya Mariamu. Yako, ya Mariamu."

Nilitoka nje nikakaa peke yangu ukutani. Mama alikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kuniambia kwamba hakuchagua. Maneno matatu yangetosha, na mimi ningemshika mkono. Ila angenisimulia hayo, ningejua pia ni nani aliyejibu maswali yote akamweka pale njia panda.