Mama Picha Atafuta Kompyuta

Kwa miaka kumi na tisa kazi yao iligawanyika hivi: mke anabeba kamera, mume anakaa kwenye kompyuta. Watu walimwita mke Mama Picha, mume wakamwita Fundi, na hakuna aliyegusa kazi ya mwenzake. Mama Picha alirudi na kanda, na miaka ya baadaye na kadi, akaitua mezani kama mtu anayetua mzigo wa kuni, akaenda kujinyoosha. Fundi akavuta kiti, akaanza kukata na kuunga.

Kisha presha ya macho ikamwingia Fundi. Ilianzia pembeni. Akawa anagonga milango kwa bega na kuilaumu milango. Alipokubali hatimaye kwenda hospitali, daktari alimwambia kwamba kilichopotea hakirudi, watajaribu tu kulinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kama tundu la ufunguo. Aliweza kuuona uso wa mtu, au mikono yake, lakini si vyote kwa pamoja.

Hali ilikuwa hiyo mwalimu wa kwaya alipokuja. Kwaya yake ilikuwa inatimiza miaka ishirini, naye alitaka nyimbo sita zirekodiwe.

"Ziwe za HD," alisema. "Tutazionyesha ukumbini, kwenye skrini kubwa. Sitaki ule ukungu wa siku zote."

Mama Picha alikubali, kwa sababu ankara ya hospitali haikuwa inangoja mtu apumzike. Akarekodi siku nzima kwa kamera mbili, moja begani, nyingine kwenye miguu yake mitatu. Lakini alipoingiza picha zile kwenye kompyuta yao ya zamani, zilienda hatua mbili zikaganda. Midomo ikawa inaimba ubeti ambao masikio yalishaumaliza. Feni ikavuma kama mashine ya kusaga nafaka.

"Inataka kufa hiyo," alisema Fundi kutoka kwenye kochi.

"Ilikufa siku nyingi. Tulikuwa tunaiheshimu tu."

Basi ikabidi kutafuta nyingine. Fundi alikuwa na sharti moja. "Nunua kompyuta yoyote," alisema, "lakini programu iwe ile ile ninayoijua. Naijua kwa vidole. Wewe utakaa, mimi nitakuwa nakuambia bonyeza hapa, bonyeza pale."

Mama Picha alimwinua kidevu. Alikuwa anamdondoshea dawa jicho la kushoto.

Duka la kwanza lilikuwa na vioo na baridi ya mashine. Muuzaji mwenye tai alimtolea kompyuta ya kupakata, nyembamba kama daftari. "Hii ina kila kitu, mama," alisema, akamchezea video ya maporomoko ya maji. Maji yalimwagika vizuri sana.

"Sasa nichezee ya kwangu," alisema Mama Picha, akatoa diski kwenye mkoba.

Muuzaji alisita, kisha akaichomeka. Nyimbo za kwaya zilienda vizuri kwa dakika chache. Mama Picha alipoziweka picha za kamera zote mbili sambamba na kuongeza maandishi ya jina la wimbo, waimbaji wakaanza kukwamakwama. Akaweka kiganja chini ya ile kompyuta. Ilikuwa inachoma.

"Labda ni mafaili yako, mama."

"Mafaili yangu ndiyo nitakayofanyia kazi, baba. Maporomoko sina mpango nayo."

Alitoka akakaa kwenye ngazi za duka kidogo, miguu imemvimba. Angeweza kurudi nyumbani. Lakini nyumbani kulikuwa na Fundi akisubiri kuuliza.

Duka la pili lilikuwa ghorofani, juu ya kibanda cha fundi cherehani. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, aliyeuza kompyuta zilizotumika na kuzitengeneza. Huyu hakuonyesha chochote kwanza. Aliuliza.

"Unarekodi kwa kamera ngapi?"

"Mbili."

"Kazi moja inachukua muda gani?"

"Saa moja, saa mbili."

"Na nani atakaa kwenye kiti?"

"Mume wangu," alijibu Mama Picha kwa mazoea. Kisha akajisahihisha. "Hapana. Mimi."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema. Akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mwenye duka alimsogezea kiti, wala hakumuuliza zaidi.

Alichomchagulia ni kompyuta ya mezani, boksi jeusi zito lisilo na urembo wowote. Lilikuwa na kumbukumbu ya kutosha, kadi ya kuchakata picha inayojitegemea, na diski mbili: ndogo yenye kasi kwa kazi inayoendelea, na kubwa ya kuhifadhi kazi iliyokwisha. "Likianza kulemewa miaka ijayo, dada, tunalifungua tunaongeza. Zile nyembamba ukizifungua umezivunja," alisema.

Wakajaribu na programu. Ile ya Fundi ilimpotezea Mama Picha saa nzima. Kila mlango aliofungua ulimpeleka kwenye milango mingine kumi. Ya pili ilikuwa na mambo machache, picha juu, sauti chini, na mkasi mahali unapoonekana. Aliunga mwanzo wa wimbo mmoja peke yake, na picha hazikuganda. Akaichukua hiyo, pamoja na lile boksi.

Fundi alipoambiwa, aligeuza uso ukutani. "Umeninyang'anya kazi."

"Nimejitwisha kazi. Uliniuliza kama naitaka?"

Siku mbili hawakusemezana, ila pale inapohitajika chumvi. Dawa ya macho alimdondoshea kama kawaida, mara tatu kwa siku. Kununa ni kununa na dawa ni dawa. Asubuhi ya tatu Mama Picha alikuwa kwenye wimbo wa nne, mgongo unamuuma, Fundi alipokuja akipapasa ukuta, akakaa kwenye kigoda nyuma yake.

"Hapo umechelewa kubadilisha," alisema baada ya muda.

"Umeonaje?"

"Sijaona. Nilikusikia ulipobonyeza. Walikuwa wameshavuta pumzi. Badilisha wanapovuta pumzi, si baada yake."

Mama Picha alirudi nyuma, akakata kwenye pumzi. Picha ikakaa. Hakumwambia kwamba imekaa. Alisogea mbele akauliza, "Na hapa?"

Walifanya hivyo mpaka nyimbo sita zikaisha, wakibishana karibu kila mkato. Ukumbini video ilicheza mwanzo hadi mwisho bila kuganda. Kwenye wimbo wa tano kamera ilitikisika kidogo, Mama Picha akafumba macho, lakini hakuna aliyegundua. Mwalimu wa kwaya alimfuata mlangoni na kazi nyingine, ya kwaya rafiki.

"Njoo baada ya wiki mbili," alimwambia.

"Mbona mbali hivyo, mama?"

"Nimechoka, mwalimu."

Wiki ile ile walienda hospitali, Fundi akapimwa. Daktari alisema macho hayajapungua tangu mara ya mwisho, na kwa ugonjwa ule, kutopungua ndiyo habari njema. Waliipokea hivyo hivyo ilivyo. Wakarudi nyumbani, wakazima simu, wakalala mchana kweupe, kila mtu upande wake wa kitanda.