Tembe za Mafuta ya Samaki

Rungu la kwanza lilivunja kioo cha kabati. La pili lilimpata Adero juu ya kiwiko, akasikia mfupa wake ukilia kama kuni kavu.

"Ulimuua baba yangu!" Kiprono alifoka, macho mekundu. Nyuma yake vijana wawili walikuwa wakikanyaga chupa za tembe, na mafuta ya samaki yakatapakaa sakafuni.

Duka hilo la mtaa wa Kimumu, la vitamini na tembe, lilikuwa limemlea Adero, mgeni aliyetoka upande wa ziwa, tangu aachwe na mume. Baba yake Kiprono, Mzee Amos, mwalimu mstaafu, alikuwa mteja wake wa dhati. Siku moja alitoka kupimwa damu akaingia dukani akicheka. Triglisaridi, yale mafuta ya damu yaliyokuwa yamemtia wasiwasi, yalikuwa yameshuka.

"Adero, samaki wenu wameniponya! Ile dawa ya kolestro nimeiacha."

"Usiiache, Mzee," Adero alimwambia. "Hizi tembe zinashusha hayo mafuta ya aina moja tu. Kolestro mbaya haziigusi. Rudi kwa daktari kwanza."

Mzee alipunga mkono, akaenda zake. Wiki iliyopita alianguka zizini akikamua, moyo ukasimama hapo hapo.

Sasa mwanawe alimshika Adero nywele, akamgonga uso kwenye kaunta. Jino liliruka. Adero akamng'ata kidole gumba, akakaza mpaka akaonja damu, na Kiprono akapiga mayowe. Nje umati ulikuwa umejaa. Mtu akapaza sauti, "Hao wa ziwani wachomwe!" Mwingine akauliza petroli iko wapi.

Aliyepenya umati alikuwa Mama Jerop, mjane wa Mzee, leso ya matanga ingali kichwani. Alijitupa juu ya Adero, na rungu lililokuwa likishuka likamwangukia yeye begani.

"Malizia!" alimwambia mwanawe. "Baba yako alimwaga dawa chooni nikiona. Huyu alimkataza kuiacha, na mzee mwenyewe alinisimulia akimcheka. Sasa niue na mimi!"

Rungu lilidondoka. Kiprono akakaa chini kwenye vioo, akalia kama mtoto. Umati ukatawanyika mmoja mmoja, kila mtu akiangalia viatu vyake.

Baadaye wazee wa ukoo wa Kiprono walikwenda kwa Adero na mbuzi na maziwa, wakamwomba aondoe kesi aliyoifungua polisi. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta, mdomo bado umevimba.

"Mama Jerop ni mama yangu tangu siku ile," alisema. "Lakini huyo kijana alitaka kuniua. Ataongea na hakimu."

Mbuzi akarudi alikotoka. Siku ya hukumu Kiprono alipewa miaka mitatu gerezani, na Mama Jerop alilia kortini, mkono wake umeshika ule mzima wa Adero.