Mlango wa Mama Mkwe na Mkato Uliokosekana

Mlango wa kwanza niliomtengenezea mama mkwe mtarajiwa ulinifika kidevuni.

Na mimi si twiga.

Mama huyo ni mwalimu wa hesabu. Alikuwa na mashaka kama seremala anamfaa binti yake wa pekee. Basi badala ya kunipa vipimo kama wateja wengine, akanitumia karatasi:

"Mlango wa stoo. Upana sentimita themanini. Kimo ni mara tatu ya upana pungufu thelathini. Mwenye akili hahitaji zaidi."

Mwenye akili nikaketi. Upana nikauita x, kimo nikakiita y. Nikaandika y = 3(x − 30). Jibu, mia na hamsini.

Niliona ni mfupi. Lakini niulize, nionekane mbumbumbu? Nikajipa moyo kwamba huenda anafuga kuku.

Jumamosi nikausimamisha kwenye fremu. Juu ikabaki nafasi ya kupita mbuzi bila kuinama.

Mama akachukua chaki, akaandika kwenye mbao zangu: y = 3x − 30. Mia mbili na kumi. Akamuuliza binti yake kama mtu aliyeshindwa na hesabu ya kidato cha kwanza ataweza kuendesha nyumba.

Nikaona posa yangu inaota mbawa.

Mchumba wangu akaiomba ile karatasi. Akaisoma kimya, kisha kwa sauti, mara mbili, kila mara akitua mahali tofauti.

"Mama, hukuweka mkato. Alichoandika yeye ndicho nilichoandika mimi kwenye mtihani wako. Ukanipa sifuri, ukasema hesabu si za kichwa changu."

Hilo sikuwahi kulisikia. Nilijua tu kwamba zamani alitaka kuwa mhandisi, akaacha.

Mama akavaa miwani. Akasoma. Akasoma tena. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Sentensi hii nimeitumia miaka kumi na tisa," akasema polepole. "Nisamehe, mwanangu."

Mimi, bingwa wa akili, nikajifanya nakagua bawaba.

Posa ilipita. Mchumba wangu anarudia hesabu sasa, mwalimu wake mama yake, na mikato inamwagwa kama chumvi.

Ndugu yangu, kabla hujageuza maneno kuwa mlinganyo, uliza nini kinapunguzwa kutoka kwenye nini.

Ujinga si kuuliza. Ujinga ni kutembea na futi mfukoni, ukaona haya kwenda kupima.